Mahekalu ya udongo ya Ladakh

Kutoka mji wa Leh, katika eneo la Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, barabara inafuata mto Indus kuelekea magharibi. Baada ya kilomita 40 hivi hujitokeza kilima kilichochongoka, na kileleni kuta zilizobomoka zenye rangi ile ile ya kilima. Hiyo ni Basgo, iliyokuwa ngome ya wafalme wa Ladakh. Mwishoni mwa karne ya 17 majeshi kutoka Tibet yaliizingira, na wenyeji husimulia kwamba ilistahimili miaka mitatu bila kutekwa. Ngome imebaki gofu, lakini mahekalu ya Maitreya, Buddha anayesubiriwa na waumini, bado yamesimama katikati ya magofu hayo, na watu bado wanasali humo.

Yamesimamaje, ilhali ni ya udongo? Msingi ni wa mawe, ila kuta ni matofali yaliyoanikwa juani. Mapaa ni bapa: mafundi hulaza boriti za mpopla, juu yake hupanga fito za mwerebi, hutandaza majani makavu, kisha hushindilia udongo. Penye masika, paa la namna hii lisingemaliza msimu. Ladakh iko nyuma ya Himalaya, milima inayozuia mawingu ya mvua, na Leh hupata takriban milimita 100 tu kwa mwaka mzima.

Hata hivyo ukavu peke yake hautoshi. Ukuta wa udongo unahitaji mtu wa kuukandika tena unapopasuka. Basgo ilipokuwa ikielekea kuanguka, wanakijiji waliunda kamati yao, wakashirikiana na wataalamu, wakaimarisha kuta na michoro kwa ufundi wa asili. Mwaka 2007 kazi hiyo ilipata tuzo ya juu ya UNESCO ya uhifadhi wa urithi katika Asia na Pasifiki.

Mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo kuna Alchi. Monasteri nyingi za Ladakh zimepanda vilele vya milima. Alchi imejificha bondeni, kati ya miti ya aprikoti, na mgeni asiyeelekezwa anaweza kuipita. Mapokeo yanamtaja Rinchen Zangpo, mtawa na mfasiri aliyezaliwa mwaka 958, kuwa ndiye mwanzilishi, ingawa wanahistoria huyaweka majengo makuu ya Alchi kwenye karne ya 12 na mwanzo wa ya 13.

Hekalu la kutazamwa kwa utulivu ni Sumtsek, lenye ghorofa tatu. Ndani ni giza, na macho huchukua muda kuzoea. Taratibu huonekana miguu mikubwa, halafu viuno, halafu vifua: sanamu tatu za udongo, ndefu kiasi kwamba vichwa vyao vimo ghorofa ya pili. Mmoja ni Avalokiteshvara, mwenye huruma. Vazi lake la kiunoni limechorwa majumba ya kifalme na mahekalu, na watu wadogo wakiendelea na shughuli zao. Kwenye vazi la Maitreya yamechorwa maisha ya Buddha, na kwenye la Manjushri, mwenye hekima, watakatifu wa kale.

Sanaa hiyo ni ya mkono wa Kashmir, ambako michoro ya Kibudha ya zama hizo imepotea karibu yote. Anayetaka kujua wachoraji wa Kashmir walikuwa na uwezo gani, hana budi kuja Alchi.

Kwingineko monasteri zimejaa uhai. Thiksey, mashariki ya Leh, imeshuka mlimani ngazi kwa ngazi, nyumba nyeupe za watawa chini na mahekalu juu. Alfajiri watawa hukusanyika kusali, vijana wakiwagawia chai ya siagi na chumvi, na mgeni mtulivu huruhusiwa kuketi pembeni. Humo kuna sanamu ya Maitreya ya takriban mita 15, iliyotengenezwa kukumbuka ziara ya Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Wabudha wa Tibet, ya mwaka 1970. Hemis nayo hujaa watu Juni au Julai, watawa wanapocheza ngoma za vinyago kumuenzi Padmasambhava, mwalimu wa kale wa Kibudha.

Tishio kubwa sasa linatoka mawinguni. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010, mvua ya ghafla ilileta mafuriko ya tope yaliyoua zaidi ya watu 200 ndani ya Leh na vijiji vya jirani. Kwa mapaa yaliyojengwa kwa kutegemea ukavu, mvua kubwa ni hatari: maji yakipenya, hutiririka juu ya michoro na kuondoka na rangi.

Anayepanga safari achague kati ya Juni na Septemba. Leh ipo mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja; anayefika kwa ndege apumzike siku mbili kabla ya kupanda popote. Hekaluni avue viatu, afunike mabega na magoti, azunguke stupa, mnara wa ibada wa Kibudha, akiiweka upande wake wa kulia. Ndani ya mahekalu ya Alchi kupiga picha ni marufuku, na kuta zisiguswe, kwa sababu jasho la vidole huharibu rangi ya miaka 800. Basgo na Alchi zinastahili siku nzima, wala si kupitiwa mbiombio.