Ubani, Pua na Kumbukumbu ya Ibada

Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jenasi Boswellia, inayoota katika nchi kame za Dhofar kusini mwa Oman, Yemen, Somalia na Ethiopia. Mgemaji hubandua gome kidogo. Utomvu mweupe hutoka matone matone, ukaachwa ugande siku kadhaa kabla ya kukwanguliwa. Punje yake mkononi hainukii sana. Ikitiwa juu ya kaa la moto chetezoni, joto huziachia hewani molekuli nyepesi zilizofungwa ndani.

Molekuli hizo hunaswa na vipokezi vilivyo juu kabisa ya tundu la pua. Binadamu ana aina zipatazo 400. Jeni za vipokezi hivyo ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel wa Marekani mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa, na ubongo hutambua harufu kwa mchanganyiko huo.

Linalogusa ibada ni njia ya neva. Habari za macho, masikio na ngozi hupitia kwanza thalamasi, katikati ya ubongo. Harufu haianzii huko: kutoka balbu ya kunusa hufika upesi kwenye amigdala, inayoshughulikia hisia, na karibu na hipokampasi, inayojenga kumbukumbu. Ndiyo maana aliyekulia Lamu anaweza kusahau hotuba yote ya Maulidi ya utotoni, lakini udi ukifukizwa na marashi yakinyunyizwa, hujiona tena amekaa mkekani ubavuni mwa babu yake. Mkatoliki hupatwa na hayo padri anapofukiza altare. Mteja wa mganga, chetezo kinapowashwa kilingeni. Pua haijui dhehebu. Maana ya harufu hufunzwa na mazoea.

Je, ubani wenyewe hutuliza moyo? Mwaka 2008 watafiti walieleza kwamba kemikali yake moja, insensoli asetati, iliwapunguzia panya dalili za wasiwasi. Lakini panya hao walidungwa sindano, hawakuketi moshini, na wauzaji wanaonadi ubani kuwa dawa ya msongo hawalitaji hilo.

Pua nayo huchoka: baada ya dakika chache mwenye kufukiza hasikii tena harufu, huku anayeingia amechelewa ikimpokea mlangoni. Hapo ndipo watu huzidisha ubani bila haja. Moshi ni moshi. Chembe zake ndogo huwasumbua wenye pumu, hasa chumba kikiwa kimefungwa madirisha.