Ngitili ya familia: Mfundishe mtoto kabla hujamwachia

Na Mwandishi Wetu

Isaka. Ukiacha kelele za malori na mabehewa ya bandari kavu ya Isaka ukaingia vijijini, katikati ya mashamba ya mahindi, mpunga na pamba utaona vipande vya ardhi vilivyofunga miti na nyasi ndefu. Mgeni anaweza kudhani ni pori lisilo na mtu. Mwenyeji anajua kuwa hiyo ni ngitili, na ina mwenyewe.

Kwa familia inayoimiliki, ngitili ni ghala. Humo hutoka malisho ya kiangazi, kuni, nguzo za kujengea, nyasi za kuezekea, matunda, mboga za porini, dawa na asali. Kwa mama mwenye watoto wadogo, ngitili iliyo karibu na nyumba humpunguzia mwendo mrefu wa kutafuta kuni.

Tatizo ni kwamba elimu ya kuitunza ngitili mara nyingi imo kichwani mwa baba au babu. Mzee akifariki, warithi hugawana ardhi bila kuwa wamepewa somo. Mmoja anataka kulima, mwingine anataka kuuza, na mnunuzi wa mkaa hachelewi kubisha hodi. Miti iliyochukua miaka 20 kukua huondoka ndani ya wiki mbili.

Ndiyo maana suala hili linastahili kujadiliwa mezani nyumbani, kama tunavyojadili ada ya shule na chanjo za watoto.

Mkoa uliowahi kuitwa jangwa

Ngitili ni neno la Kisukuma, na utaratibu wenyewe ni wa zamani. Familia hutenga sehemu ya ardhi na kuifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie. Nyasi hukua, miti huchipua. Kiangazi kinapokolea na malisho ya nje kuisha, sehemu hiyo hufunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya ng'ombe, hasa ndama, wagonjwa na wale wa kukamuliwa.

Utaratibu huo ulikaribia kupotea. Enzi za ukoloni, misitu mikubwa ya Shinyanga ilifyekwa kupambana na mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na tumbaku yalipanuka, mifugo ikaongezeka, na miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Ardhi ikabaki wazi, mkoa ukafikia kuitwa "Jangwa la Tanzania".

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliofadhiliwa na Norway na kushirikiana na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF. Wakati huo zilikuwa zimesalia hekta zipatazo 600 tu za ngitili zinazojulikana.

Mwanzoni mradi uliweka nguvu kwenye vitalu na miche. Baadaye ikaonekana kuwa njia nafuu ilikuwa tayari ipo kwa wananchi: funga ardhi, linda visiki, subiri. Mikutano ya jadi ya dagashida ilitumika kupitisha sheria ndogo, na sungusungu wakasaidia kuzisimamia.

Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilikuwa zimerejeshwa au kuanzishwa katika vijiji 833 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia maeneo ambayo sasa yako Simiyu na Geita. Kwa idadi, nyingi zilikuwa za kaya moja moja, zenye ekari chache tu. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Faida inayoonekana jikoni

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kuwa faida za ngitili zilifikia thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Kwa kijiji cha wakati ule, hizo zilikuwa fedha nyingi.

Utafiti huo ulionyesha pia muda uliookolewa. Safari ya kutafuta kuni ilipungua kwa saa mbili hadi sita. Muda huo ni wa mama kupumzika, kunyonyesha au kupeleka mtoto kliniki, na ni wa binti kufika shule kabla ya kengele.

Kuna faida ya lishe pia. Mkwaju, ubuyu na matunda mengine ya porini huongeza vitamini kwenye mlo ambao mara nyingi ni ugali na mboga moja. Mifugo iliyoshiba hutoa maziwa hata kiangazi, wakati ambao watoto huyahitaji zaidi kwa kuwa chakula ghalani kimepungua.

Pamoja na hayo, kuwa na kuni karibu hakuondoi madhara ya moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hadi gesi au umeme vitakapofika jikoni kwako, choma kuni zilizokauka vizuri, tumia jiko banifu, fungua madirisha na usimbebe mtoto mgongoni unapopuliza moto.

Masomo matano ya kumpa mtoto

Hakuna haja ya kusubiri semina. Haya ni mambo ya msingi ambayo mtoto wa miaka 10 na kuendelea anaweza kuyaelewa akionyeshwa.

1. Mipaka. Mtoto azunguke ngitili yote pamoja na mzazi, ajue inaanzia wapi na kuishia wapi, majirani ni akina nani na alama za mpaka ni zipi. Migogoro mingi ya ardhi huanza pale aliyejua mpaka anapokuwa hayupo tena.

2. Kufunga na kufungua. Ajue kwa nini ng'ombe hawaingii wakati wa mvua. Nyasi zikikanyagwa na kuliwa zikiwa changa, hazitoi mbegu, na mwaka unaofuata zitakuwa chache. Hata baada ya kufungua, ng'ombe waanze na kipande kimoja, kikimalizika wahamie kingine.

3. Kutunza visiki. Kisiki kinachoonekana kimekufa mara nyingi kina mizizi hai. Kikichipua matawi mengi, bakiza machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine ondoa. Matawi ya chini ya yale yaliyobaki yakatwe kwa panga kali, lakini nusu ya juu ya mti iachwe na majani yake. Utaalamu huu unaofanana na ngitili unafundishwa Dodoma kwa jina la Kisiki Hai, na nchini Niger wakulima wameutumia kurejesha miti kwenye takribani hekta milioni 5. Hauhitaji kununua mche hata mmoja.

4. Moto. Kabla nyasi hazijakauka kabisa, fyeka ukanda kuzunguka ngitili ili moto wa jirani usivuke. Mtoto afundishwe kuwa kuchoma nyasi ili zichipue upesi huua miche midogo ambayo ndiyo msitu wa kesho. Warina asali wa kutumia mwenge nao waangaliwe.

5. Kuvuna kwa hesabu. Kuni ziwe za matawi yaliyokauka au yaliyopogolewa. Nguzo zikatwe chache kila mwaka, si zote mwaka mmoja. Kukata miti kwa biashara, ukiwamo mkaa, kunahitaji kibali, hata kama mti uko kwenye ardhi yako. Anayekuja na fedha mkononi na kukwambia kibali si lazima, hakutakii mema.

Somo hili la tano lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Miji ya Kahama na Geita inakula mkaa mwingi, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanahitaji magogo, wenyewe huyaita matimba, ya kushikilia kuta za mashimo yao. Reli ya kisasa ya kilomita 341 kutoka Mwanza hadi Isaka nayo inafanya watu waitazame ardhi ya huku kwa jicho jingine. Familia isiyojua thamani ya ngitili yake itaiuza kwa bei ya mnunuzi.

Mabinti nao wafundishwe

Katika familia nyingi, ngitili huhesabiwa kuwa mali ya wanaume. Baba humchukua mtoto wa kiume kwenda kuangalia mipaka, binti hutumwa kuokota kuni. Matokeo yake ni kwamba anayeingia humo kila siku ndiye asiyeulizwa inapotaka kuuzwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Hatimiliki ya kimila, inayotolewa kupitia halmashauri ya kijiji, inaweza kuandikwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Mjane mwenye jina lake kwenye hati ana nguvu ya kusema "hapana" siku ndugu wanapokuja na mnunuzi.

Ni vyema pia wazazi waandike wosia unaosema wazi kuwa ngitili haigawanywi vipande, bali itatumiwa na watoto wote kwa utaratibu uliokubaliwa. Ekari tano zikigawanywa kwa watoto saba, hakuna atakayebaki na ngitili. Kila mmoja atakuwa na kipande kisichotosha hata ndama wawili.

Elimu zaidi inapatikana wapi

Mwalimu wa kwanza ni mzee aliyetunza ngitili hadi leo, awe wa ukoo wako au jirani. Muulize maswali mtoto akiwapo. Simu uliyonayo mkononi inaweza kurekodi sauti yake akitaja miti kwa majina ya Kisukuma na matumizi yake. Rekodi hiyo ni kitabu ambacho hakipo dukani.

Wa pili ni ofisa misitu wa halmashauri na ofisa ugani wa kata. Mwombe afike kuona ngitili yako, hasa unapotaka kupogoa, kuotesha miti ya malisho kama mlusina, au kuomba kibali. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) nao hutoa ushauri kwa wamiliki wa misitu binafsi.

Wanaotaka kuweka mizinga wana bahati ya kuwa karibu na Tabora, kilipo Chuo cha Mafunzo ya Ufugaji Nyuki. Kijana aliyemaliza sekondari na kupenda misitu anaweza kusoma Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ngitili ya nyumbani inaweza kuwa mwanzo wa taaluma yake.

Usalama wa watoto

Msitu ukirudi, viumbe wake hurudi pia. Mtoto anayeingia ngitili avae viatu vilivyofunika mguu, atumie fimbo kupekua nyasi na asiingize mkono kwenye mashimo au chini ya magogo. Akiumwa na nyoka, usichanje jeraha, usifunge kamba na usinyonye sumu. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, vua pete au bangili, kisha mkimbize kituo cha afya.

Kuhusu dawa za miti shamba, ngitili ina mimea mingi ambayo wazee wanaifahamu. Lakini kiasi kinachomfaa mtu mzima kinaweza kumdhuru mtoto mchanga au mjamzito. Homa ya mtoto ipimwe malaria kwanza. Mtoto anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyeweza kunyonya hapaswi kusubiri mzizi uchemke.

Matunda nayo yana sheria yake: mtoto asile asilolijua hadi amwonyeshe mkubwa, na lioshwe kabla ya kuliwa.

Anza likizo hii

Kalenda ya shule inakwenda vizuri na kalenda ya ngitili. Likizo ya Juni huwakuta wazazi wakijiandaa kufungua, nyasi zikiwa zimekomaa: ni wakati wa kuzunguka mipaka, kufyeka mkingamoto na kuchagua matawi ya kubakiza. Likizo ya Desemba hukuta mvua zimeanza na geti limefungwa: ni wakati wa kuhesabu machipukizi mapya na kuyataja kwa majina.

Mpe mtoto kisiki kimoja awe nacho mwenyewe. Akipogoe, akifunge kitambaa cha alama, apime urefu wake kila likizo na kuandika kwenye daftari. Akifika kidato cha nne atakuwa na mti uliompita kimo, na siku mnunuzi wa mkaa akija, atakuwa wa kwanza kuuliza kibali kiko wapi.