Laptopu Inayosinzia Ovyo: Chungua Kwanza, Laumu Baadaye

Siku hizi si ajabu kuikuta laptopu kijijini. Pengine mtoto anayefanya kazi mjini amewaletea wazazi ile yake ya zamani. Pengine mwalimu ameinunua kwa mtu aliyeichoka. Twaipokea kwa furaha, maana ni msaada mkubwa kwa hesabu na barua. Lakini chombo kilichokwisha kutumika miaka mingi kina tabia zake. Moja ya tabia hizo ni hii: mtu yuko katikati ya kazi, mara kioo chawa cheusi, nacho chombo chalala usingizi bila kuagizwa.

Jambo hili lilitupata nyumbani kwetu, huku Mbinga, nalo lilikaribia kutuletea hasara mbili: hasara ya mbuzi na hasara ya heshima. Mimi mwenyewe sikuwa na sifa katika habari hii. Nitaieleza hata hivyo, ili wengine wasijikwae pale nilipojikwaa mimi.

TAABU ILIVYOANZA

Mke wangu ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa. Wakati wa mavuno, kila jioni wanachama huleta kahawa mbivu, hupimwa kwenye mizani, naye huandika jina la mtu na kilo zake. Zamani aliandika katika daftari. Kisha kaka yake akatupa laptopu yake kuukuu, na kikundi kikakubali hesabu ziandikwe humo.

Mwezi wa Julai 2024 taabu ikaanza. Anaandika majina matatu au manne, kioo kinazimika. Anabonyeza kitufe, kinawaka tena. Dakika chache hazijapita, kinazimika tena. Watu wamesimama na magunia yao, baridi ya jioni inawauma, nao wanangoja. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema, “Mbona inazimika inapofika zamu yangu? Au kuna mtu anabadili kilo gizani?”

Ndugu msomaji, wajua jinsi neno la namna hiyo linavyotembea kijijini. Kabla ya juma kwisha, lilikuwa limefika kila kilabu na kila kisima.

Na mimi, badala ya kumtetea mke wangu, nilisema mbele ya watu, “Mashine hizi hazitaki mikono ya haraka. Afadhali kazi hii apewe mwanamume.” Nilikuwa na sababu yangu: mimi nilipoitumia laptopu ile, haikulala hata mara moja.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaitazama, akaibonyeza, akasema ubao mkuu wa ndani umekufa, alipwe shilingi 180,000 aubadilishe. Nikarudi nyumbani nikihesabu mbuzi.

KUSINZIA SI KUZIMIKA

Siku zile kijana wetu wa kidato cha nne alikuwa likizoni. Alisema, “Baba, usiuze mbuzi bado. Kwanza tujue kama inazimika au inalala.”

Nikamwuliza tofauti yake. Akanieleza hivi. Laptopu ikilala, karibu kila kitu ndani yake hupumzika, ila kumbukumbu yake hupewa umeme kidogo ili isisahau kazi iliyokuwa mkononi. Ukibonyeza kitufe, huamka upesi, na kazi yako u papo hapo ulipoiacha. Mara nyingi taa ndogo hupepesa kuonyesha kwamba imelala tu. Lakini ikizimika kabisa, huna budi kuiwasha upya tangu mwanzo, na yale ambayo hukuyahifadhi hupotea.

Yafaa kila mwenye laptopu aijue tofauti hii, maana inatenga magonjwa mawili. Inayozimika ghafla mara nyingi ina shida ya joto, ya betri au ya umeme. Inayolala, kwa kawaida, imepata amri ya kulala. Kazi yetu ni kutafuta amri hiyo imetoka wapi.

Yetu ilikuwa inalala.

KIJANA NA DAFTARI LAKE

Kijana hakuchukua bisibisi. Alichukua daftari na kalamu, akachora mistari minne: saa ngapi imelala, nani alikuwa anaitumia, ilikuwa kwenye umeme au kwenye betri, alikuwa anafanya nini. Kwa siku nne aliandika kila mara ilipolala.

Kisha akafungua daftari la laptopu yenyewe. Maana katika programu ya Windows mna kitabu cha matukio, kiitwacho Event Viewer, na humo mashine huandika mambo yake bila kuulizwa. Kila inapokwenda kulala huandika tukio namba 42, na kando yake husema sababu. Pengine sababu ni kwamba mtu ameiacha muda mrefu bila kuigusa. Pengine ni betri. Kwetu sisi, kila mara sababu ilikuwa ile ile: kitufe au kifuniko.

Yaani laptopu ilisema kwamba mtu amebonyeza kitufe cha kulalisha, au amefunga kifuniko. Lakini kifuniko kilikuwa wazi mbele ya macho ya watu wote, na kitufe hakuna aliyekigusa!

Daftari la kijana nalo lilisema neno moja tu: imelala mara 11, na mara zote 11 mama ndiye aliyekuwa akiandika. Niliposikia hayo nilipiga paja. “Si nilisema?” Mke wangu alinyamaza, akainamisha kichwa.

Kijana akaniambia, “Baba, subiri. Daftari linasema ni mama. Halijasema kwa nini.” Kisha akamgeukia mamaye, “Mama, naomba uivue bangili.”

SIRI YA SUMAKU

Mke wangu alikuwa na bangili aliyoinunua mnadani mwezi wa Juni, aliyoambiwa kwamba ina sumaku za kuponya maumivu ya viungo. Aliivaa mkono wa kushoto, na alipoandika aliuegemeza mkono huo pembeni mwa laptopu.

Sasa sikilizeni. Laptopu inajuaje kwamba umefunga kifuniko? Katika baadhi ya zile za zamani kulikuwa na kijiti kidogo kilichobonyezwa na kifuniko. Lakini nyingi zina sumaku ndogo ndani ya kifuniko, na katika upande wa chini, karibu na vitufe vya kuandikia, mna kifaa kidogo kinachoihisi. Sumaku ikikaribia, kifaa hudhani kifuniko kimefungwa, nacho hutoa amri ya kulala. Vifaa vingi vya namna hii vyafanya kazi kwa kanuni iliyogunduliwa mwaka 1879 na Mmarekani Edwin Hall, kwamba sumaku huathiri umeme unaopita katika chuma chembamba.

Kifaa hicho hakina macho. Hakiwezi kuitofautisha sumaku ya kifuniko na sumaku ya bangili. Kila mkono wa mama ulipopita juu yake, kilitii amri.

Tukajaribu. Bangili mkononi: ikalala. Bangili mezani mbali: aliandika saa nzima bila taabu. Mimi nikaivaa bangili ile nikaandika: ikalala mkononi mwangu vilevile, mashine niliyosema inamtaka mwanamume.

Tena madaktari waliozipima bangili hizo hawakuona kwamba zinaponya maumivu ya viungo. Tulikuwa tumenunua ugonjwa wa laptopu kwa jina la dawa.

NAMNA YA KUCHUNGUA NYUMBANI

Ikiwa laptopu yako inasinzia ovyo, fuata taratibu hii kabla ya kulipa fundi.

Kwanza, ondoa kila chenye sumaku karibu nayo: bangili, ukanda wa saa, mfuko wa simu wenye kifungo cha sumaku, spika ya redio. Wala usiiweke laptopu moja juu ya nyingine. Sumaku ya ile ya chini yaweza kuilaza ile ya juu. Kama huna hakika kitu kina sumaku, funga sindano kwa uzi, uining'inize karibu nacho. Ikivutwa, umepata jibu. Ila usiipitishe sindano juu ya vitufe, isije ikatumbukia ndani.

Pili, tazama mpango wa umeme katika mipangilio. Pengine umewekwa ulale baada ya dakika chache usipoigusa. Mara nyingi dakika za kwenye betri ni chache kuliko za kwenye umeme. Ongeza dakika hizo.

Tatu, katika mipangilio hiyo ya umeme, agiza kwamba kifuniko kikifungwa isifanye kitu chochote. Itumie siku moja. Ikiacha kulala, basi kosa liko kwenye kifuniko au kifaa chake cha kuhisi. Lakini ukumbuke: ukiiacha hivyo, haitalala hata ukiifunga. Usiitie katika mfuko ikiwaka, itapata joto kali.

Nne, kama inalala ikiwa kwenye betri tu, ishuku betri. Betri za lithiamu huchakaa kwa miaka na kwa kuchajiwa mara nyingi. Katika Windows, agizo powercfg /batteryreport huandika taarifa yenye hesabu mbili: ujazo wa betri ilipokuwa mpya, na ujazo wake wa sasa. Ukiona cha sasa ni nusu au chini yake, betri imezeeka. Na ukiiona imevimba, acha kuitumia mara moja. Usiitoboe wala kuibana, maana yaweza kuwaka moto.

Tano, gusa waya wa chaji pale unapoingia. Kama unachezacheza, umeme unakatika na kurudi, na betri dhaifu haiwezi kuubeba mzigo.

Sita, isikilize feni na ulitazame tundu la hewa. Vumbi na moshi wa jikoni huliziba, joto huzidi, na chombo hujizima ili kisiungue. Usiitumie juu ya blanketi wala godoro. Iweke mezani.

Ukimaliza hayo yote na bado inalala, ndipo umwendee fundi, nawe umpelekee daftari lako. Fundi mwema atalishukuru, na asiye mwema ataogopa kukudanganya.

MBELE YA WANACHAMA

Jumamosi iliyofuata niliomba nafasi kwenye mkutano wa kikundi. Niliiweka laptopu mezani, nikaiwasha, nikaisogeza bangili pembeni mwake. Ikalala. Nikaiondoa, nikaiamsha. Watu wakaja mmoja mmoja wakajaribu wenyewe, hata yule aliyenong'ona habari ya kilo. Kisha tukalinganisha hesabu za laptopu na vikaratasi vya mizani alivyovitunza mke wangu tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na kilo hata moja iliyopotea.

Ndipo nikasema mbele ya wote kwamba niliyoyasema juu yake hayakuwa kweli, na kwamba nilimhukumu mtu kabla ya kukichunguza chombo. Haikuwa rahisi kusema. Lakini neno baya nililisema hadharani, na haikufaa kulifuta chumbani.

Mke wangu angali katibu. Mbuzi angali zizini. Bangili tumeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mbali na meza, na kila jioni kabla ya kuanza kazi wanachama humwuliza kwa kicheko, “Mama katibu, mikono mitupu?” Naye huwaonyesha.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Chombo kikikosa, andika ulichokiona, siku kwa siku, ukakitafute chanzo. Mtu akishukiwa, fanya vivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi, maana laptopu hulala na kuamka, bali jina la mtu likiisha kuharibika ni kazi kuliamsha.