Dubwi na Pinboli Si Kitu Kimoja

Mchezo wa mashine ukitajwa hapa Kigoma, jambo linalomjia ofisa upesi ni dubwi, lile sanduku linalomeza sarafu za watoto wa watu. Hatumlaumu. Walakini ipo mashine nyingine ambayo iliwahi kuhukumiwa kwa kosa hilo hilo.

Mwaka 1976 kampuni ya Bally ya Marekani ilitoa pinboli iitwayo Captain Fantastic, yenye picha ya Elton John, mwanamuziki wa Uingereza aliyeigiza bingwa wa mchezo huo katika filamu ya Tommy mwaka uliotangulia. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. (Ndugu zetu wa Visiwani watapenda kujua kwamba bendi ya Queen, ya Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja, nayo hatimaye ilipata pinboli yake.) Msomaji asidhani Captain Fantastic huimba. Mwanamuziki yumo katika picha tu. Sauti ni vyuma vinavyogongwa kwa sumaku za umeme kila pointi zinapoingia. Kompyuta haimo.

Mchezaji huvuta fimbo yenye springi na kuiachia. Gololi ya chuma hupanda kwenye meza iliyoinama chini ya kioo, hugonga huku na huku, kisha huteremka. Hapo ndipo kazi ilipo. Makasia mawili madogo, moja kwa kila mkono, huizuia isitumbukie shimoni. Fundi hapigi ovyo: huinua kasia, huituliza gololi juu yake, huchagua shabaha, ndipo hupiga. Kuitikisa mashine kidogo si kosa. Ukizidisha, timazi iliyoning'inizwa ndani hugusa pete yake, makasia hufa, nawe hubaki ukitazama gololi ikizama.

Makasia hayo yalianza mwaka 1947. Kabla yake mchezaji aliachia gololi akabaki kuomba, na ndiyo sababu New York ilipiga pinboli marufuku mwaka 1942, polisi wakazivunja kwa nyundo. Makasia yalipokuja, marufuku ilibaki pale pale. Mwaka 1976 mwandishi Roger Sharpe alicheza mbele ya wajumbe wa Baraza la Jiji, akatangaza mapema gololi itapita njia ipi, nayo ikapita. Marufuku ikaondolewa.

Wazee wa Ujiji hawana haja ya kufundishwa tofauti hiyo. Anayefungwa bao barazani anajua ni kete ipi iliyomponza. Anayefungwa na dubwi hajui lolote.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inalenga bahati. Tunawaomba wakubwa wetu wa halmashauri wasiitumie kufunga kila chumba chenye meza ya mchezo, huku dubwi likiachwa kwenye kibaraza cha duka ambako mtoto asiyetimiza miaka 18 hulifikia. Waende wasimame mbele yake nusu saa, wahesabu mchezaji amefanya nini zaidi ya kutia sarafu na kubonyeza kitufe.