Jicho likikataa kufumba, usimtafute mchawi

Msomaji, kabla ya kuendelea simama mbele ya kioo, ufumbe macho taratibu kisha uyafumbue. Kazi hiyo ndogo, unayoifanya mara 15 au zaidi kwa dakika bila kufikiri, haiendeshwi na mshipa mmoja wa fahamu. Inahitaji kadhaa, na mmoja ukilala, mwingine hawezi kushika zamu yake.

Ubongo wa binadamu una jozi 12 za mishipa hiyo, au neva, zinazotoka moja kwa moja kichwani. Jozi 6 kati ya hizo zinalihudumia jicho na kope zake. Ya pili hupeleka picha ubongoni. Ya tatu, ya nne na ya sita hulizungusha jicho, na hiyo ya tatu ndiyo pia huinua ukope wa juu. Ya tano huleta hisia. Chembe ya mchanga ikikuingia jichoni, ndiyo hupiga mbiu. Ya saba hufumba. Kwa hivyo afunguaye mlango siye aufungaye.

Leo nataka tukae zaidi na hii ya saba, kwa sababu ndiyo huniletea wagonjwa waliochelewa.

Mtu hulala mzima. Asubuhi anaamka mdomo umekwenda upande, chai inamwagika anapokunywa, na jicho moja halifumbi. Akijitahidi kulifumba, mboni hupanda juu na kubakia weupe mtupu. Weupe huo ndio huwatisha jamaa. Wengine husema amepigwa kofi na jini, wengine karogwa, wengine ni upepo wa dirisha la matatu. Lakini hata mboni yako hupanda unapofumba macho kwa nguvu, ila ukope huificha. Ugonjwa wenyewe umepewa jina la Charles Bell, mpasuaji wa Uskoti aliyeeleza habari za neva za uso mnamo mwaka 1821.

Neva ya saba hupita katika mfereji mwembamba ndani ya mfupa ulio karibu na sikio. Ikivimba, mara nyingi kutokana na virusi kama inavyodhaniwa, haina nafasi ya kutanuka. Hubanwa na kuacha kazi. Kati ya wagonjwa 10, karibu 7 hupona kabisa hata wasipotumia dawa (waganga wanaodai mbuzi kwa kazi hiyo wamebahatika). Vidonge vya prednisoloni vikianzwa ndani ya saa 72 huongeza idadi ya wanaopona, lakini ni lazima viandikwe na daktari, hasa kwa mwenye kisukari au mjamzito. Daktari pia atakushauri upimwe virusi vya Ukimwi, kwani uso kupooza hivi huweza kuwa miongoni mwa dalili za mapema.

Je, si kiharusi? Swali hilo ni zuri. Mwambie mgonjwa akunje paji la uso. Neva yenyewe ikiumia, nusu nzima ya uso hulala, pamoja na paji. Katika kiharusi, paji mara nyingi hukunjika kama kawaida, kwa kuwa sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Hata hivyo usikae nyumbani ukipima mapaji. Mkono au mguu ukiwa mnyonge, au ulimi mzito, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Familia huhangaikia mdomo uliopinda na kulisahau jicho. Mdomo kwa kawaida hurudi. Jicho lililolala wazi usiku kucha hukauka, kioo chake cha mbele, yaani konea, hupata kidonda, na kovu la konea haliondoki uso unapopona.

Hapo ndipo ng'ombe ametushinda. Mtazame ng'ombe, mbuzi au mbwa wako katika kona ya jicho iliyo karibu na pua. Utaona pazia la tatu. Daktari wa mifugo anapotaka kulichunguza jicho la ng'ombe huweza kuipiga neva ya saba sindano ya ganzi, na kope hazifumbi tena. Lakini akiligusa jicho, mnyama hulivuta ndani kwa msuli unaotumikia neva ya sita, na pazia hupita juu ya konea na kulilowesha kwa machozi. Wewe huna msuli huo, na pazia lako limebaki kikunjo kidogo chekundu pembeni mwa jicho. Mlinzi wako ni mmoja tu.

Basi fanya kazi ya pazia kwa mikono. Mchana tumia matone ya machozi ya bandia mara kwa mara, na uvae miwani kuzuia vumbi. Usiku paka malhamu ya macho, vuta ukope chini kwa kidole, kisha uubandike kwa plasta laini. Usiweke pamba juu ya jicho lililo wazi, kwani litajikwaruza humo. Matone yenye dawa za steroidi usinunue kiholela. Si sawa na vidonge nilivyovitaja, na huweza kukizidisha kidonda. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki 3.

Jicho likiwa jekundu na lenye ukungu, usingoje liume. Baada ya mkanda wa jeshi wa usoni, au katika ukoma, neva ya tano huweza kufa ganzi, na kidonda kikala konea kimya kimya. Mwenye ukoma huweza kupoteza neva zote mbili, ya tano na ya saba, asifumbe wala asisikie.

Kuna pia ukope unaoanguka na kukataa kufumbuka. Hiyo si ya saba, na baadhi ya sababu zake hazingojei kesho. Ukianguka ghafla pamoja na maumivu makali ya kichwa, na mboni ikawa pana kuliko ya pili, huenda mshipa wa damu uliovimba chini ya ubongo unaisukuma neva ya tatu, na huweza kupasuka. Na aliyeumwa na koboko au aina fulani za swila, kope zikianza kumlemea kama mwenye usingizi, usimwache alale. Sumu imefika kwenye misuli, na ile ya kupumua huweza kufuata. Mpeleke hospitali yenye mashine ya kupumulia, na muda wote wa safari mmoja wenu aiangalie pumzi yake.