Histamini na Kumbukumbu Iliyofichika: Utangulizi

Wengi wetu tunaijua histamini kwa maudhi yake. Mbu akikuuma, yeye huenda zake na histamini ikabaki ikikuwasha. Vidonge vya kuipinga, kama Piriton, humletea mtu usingizi, na usingizi huo ndio mlango wetu wa kuingilia: dawa ikifika ubongoni huipinga histamini, ambayo huko kazi yake mojawapo ni kutuweka macho.

Karibu, basi, katika taaluma inayouliza kama kemikali hii huiamsha pia kumbukumbu.

Seli za neva zinazoitengeneza ni chache mno. Kwa binadamu ni takriban 64,000, zimekusanyika nyuma ya haipothalamasi, lakini nyuzi zake husambaa karibu ubongo mzima. Mwaka 1983 Jean-Michel Arrang na wenzake, Ufaransa, walieleza kipokezi cha H3, ambacho huzibana seli hizo zisimwage histamini kupita kiasi. Kipokezi hicho kikizimwa kwa dawa, histamini huongezeka.

Sasa mfikirie panya wa maabara. Huonyeshwa vitu viwili vinavyofanana, kisha siku nyingine kimoja hubadilishwa. Anayekumbuka hukinusanusa zaidi kile kigeni. Aliyesahau huvinusa vyote sawasawa. Hiroshi Nomura, Yuji Ikegaya na wenzao wa Japani, katika utafiti uliochapishwa 2019, waliwaacha panya wasahau kwanza, ndipo wakawapa thioperamidi, dawa inayozima H3, muda mfupi kabla ya kuwapima. Panya wakakichangamkia kile kigeni! Hebu tulia hapa kidogo. Dawa ilitolewa muda mrefu baada ya somo, kwa hiyo haikuwafundisha kitu. Kumbukumbu ilikuwamo siku zote. Kilichokosekana ni uwezo wa kuifikia. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zito kuliko yote katika taaluma hii: kusahau si lazima kuwe kupoteza.

Maelezo ya watafiti hao ni kwamba histamini huzichangamsha seli za gamba la perirhinali, linalotambua vitu, hata ishara iliyofifia ikapata nguvu ya kuvuka kizingiti. Ila mchangamko huo una gharama. Walipowapa watu betahistini, dawa ya kizunguzungu inayogusa kipokezi kilekile, picha ngumu kukumbuka zilitambuliwa vyema zaidi, na zile rahisi zikaanza kuwachanganya. Mwanafunzi anayetafuta pa kuanzia utafiti wake, aanzie kwenye mkanganyiko huo.