Kikohozi Hakifichiki

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Leo mapenzi tuyaache, tushike kikohozi, maana kina kazi nyingi kuliko mnavyodhani.

Mtu akicheka huku anakula wali, punje moja hupotea njia ikaelekea kwenye koo la hewa. Tunasema amepaliwa. Hapo mwili haungoji ruhusa. Pumzi huvutwa, koo hujifunga, misuli ya kifua na tumbo hukaza, hewa ikabanwa ndani. Ghafla koo hufunguka: kho! Punje hiyo inaruka hadi mkekani. Kikohozi ni bawabu wa mapafu. Vumbi, moshi wa kuni na makohozi ya mafua, vyote huvitimua.

Kukohoa pia ni kusema bila maneno. Ukiwa kwenye choo cha uani kisicho na komeo, ukasikia hatua zinakuja, unakohoa tu, na mwenzako anarudi alikotoka. Barazani, mzee anayetaka kuzungumza hukohoa kidogo, vijana wakanyamaza.

Lakini kuna vikohozi vya kuogopwa. Mwenye kifaduro hukohoa mfululizo mpaka pumzi imwishie, kisha huvuta hewa kwa mlio mkali. Ndiyo maana watoto wachanga Kenya na Tanzania huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kipo pia kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amemgundua bakteria anayekisababisha. Kwa hiyo si uchawi wala laana, na kinatibika. Mgonjwa humeza dawa kila siku, kwa kawaida miezi 6, wala haachi hata akijiona amepona.

Wapo wanaokohoa usiku wakijiziba kwa mto ili nyumba isisikie, kwa kuogopa kunyanyapaliwa. Msifanye hivyo, wanangu. Kikohozi kikifika wiki 2, mwambieni mkubwa, mwende zahanati makohozi yakapimwe. Mkikohoa, zibeni mdomo kwa kiwiko, si kwa kiganja, kwani kiganja ndicho mnachopeanea mikono. Na mwenzenu akikohoa darasani, msimcheke. Muulizeni kimemwanza lini, kisha mmsindikize kwa mwalimu.